Chumba cha Kungojea

Siku waliporudi kutoka matembezini, mama alitangulia kupanda ngazi.

Fundi alikuwa bado chini, anapekua mkoba akitafuta ufunguo, aliposikia nyayo zikipanda juu yake bila kituo. Akainua macho. Mama yake, ambaye siku zote alizipanda ngazi zile kwa mafungu, mkono ukutani, akihema na kusimama kila kona kumlaani aliyejenga nyumba ndefu namna ile, alikuwa amekwisha kufika ghorofa ya tatu. Alisimama mbele ya mlango wao, mikono imening'inia, akiutazama kama mtu asiyejua mlango hufunguliwaje.

"Mama, leo umekunywa nini?" fundi aliuliza kwa kicheko, yeye mwenyewe akitweta.

"Nimepumzika," mama alijibu.

Ikawa basi. Hakukohoa, hakulalamika magoti, hakuuliza nani ameacha ndoo kwenye kibaraza. Aliingia, akaketi kwenye kiti cha pembeni, akaugeukia ukuta. Fundi alivua viatu, akajitupa kitandani, na usingizi ukambeba huku akishukuru moyoni kwamba angalau jioni moja ameipata bila maneno.

Maana mama alikuwa na maneno. Tangu baba afariki na yeye ahamie kwa binti yake, nyumba ile haikujua tena kimya. Binti huyo, ndiye fundi, alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi. Sebule ndiyo iliyokuwa karakana, na kila aliyekuja kupimwa alipimwa na mama pia, kwa mdomo. Alimwambia bibi harusi mmoja kwamba kiuno hicho hakitadumu. Na kila mteja mpya alihadithiwa jinsi fundi alivyokuwa akikojoa kitandani mpaka alipoanza shule, na jinsi alivyoitwa Tone kwa sababu hiyo hiyo. Katikati ya maneno alikohoa, kikohozi cha mvua ya mawe juu ya bati, na baada ya kukohoa aliendelea pale pale alipoachia.

Fundi alikuwa ameachika, na alikuwa amechoka. Jirani mmoja ndiye aliyemshawishi ajiunge na watembezi, kundi la watu wa kila namna, walimu, makarani, wastaafu, mtu na mkewe, waliokutana mwisho wa juma kuzunguka mitaa ya zamani ya mji na kutazama majumba yake. Aliyewaongoza walimwita Mchoraji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo. Alikuwa mjane, mpole wa sauti, mtu aliyelipapasa jiwe la ukuta kama anayempapasa farasi. Baada ya matembezi mawili matatu, fundi alianza kujishonea nguo za kutokea. Mama, ambaye hakuwa kipofu, akasema, "Na mimi nakuja. Ama unataka nibaki hapa nitazamane na cherehani?"

Ndivyo alivyokwenda. Na matembezi yale yakageuka mateso. Kundi zima lilisimama kila kona kumngoja bibi kizee na fimbo yake. Mchoraji alimpa mkono, na mama akaupokea, na kabla hawajamaliza mtaa wa kwanza akawa ameshamsimulia habari ya godoro. Watu walicheka. Mchoraji naye alicheka, si kwa ubaya, lakini fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumba la mwisho lilikuwa kubwa kuliko yote, la tajiri wa zamani, sasa halikaliwi na mtu. Ua wake ulikuwa umeota majani, ngazi zake za mbao zililia zikikanyagwa, na chini ya ngazi palikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta.

"Hiki kilikuwa chumba cha kungojea," Mchoraji alieleza. "Mwenye nyumba alipokuwa hataki kuonana na mtu, ndugu maskini, mzee mwenye shida, alikalishwa hapa akaambiwa asubiri. Wapo waliosubiri mpaka wakasahauliwa. Inasemekana chumba hiki kina mwenyewe, na hapendi kukaa peke yake."

Watu wakafanya "uuu" ya mzaha. Mama aliketi kwenye benchi akisema pana ubaridi mzuri.

Wengine walipoanza kupanda kwenda juu kuutazama mji, naye aliinuka nusu. "Ngojeni nivute pumzi. Na mimi nataka kuona juu, Tone."

"Kaa hapa."

"Nitapanda polepole."

"Mama, nimesema kaa!" Fundi aliongea kwa meno yaliyofumbwa. "Umeniaibisha vya kutosha." Akainyakua fimbo mkononi mwa mama yake, akatoka nayo, akaisimamisha uani, mbali, mahali ambapo bibi yule asingeweza kuifikia.

"Usinisahau," sauti ilimfuata kutoka ndani.

Juu kulikuwa na upepo na mapaa ya mji mzima. Mchoraji alimwonyesha minara kwa kidole, mabega yao yakagusana. Kutoka pale walipita darini kwenye jumba la pili, wakashuka, wakanywa chai kwenye mgahawa wa jirani, na ilikuwa pale, kikombe kikiwa mdomoni, ndipo fundi alipokumbuka. Alirudi mbio. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, wima kama nguzo.

"Twende," mama alisema. Na fimbo wakaiacha pale uani, kwa sababu hakuihitaji tena.

Mwanzoni fundi aliona ni baraka. Mama aliamka mapema, akafagia, akapika, akapindua pindo za magauni kwa mshono mdogo usioonekana, yeye ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena tundu la sindano. Hakuhadithia mtu chochote. Mchoraji alipoanza kuja nyumbani jioni, mama aliketi pembeni na tabasamu dogo, lile lile, kuanzia mgeni anaingia mpaka anaaga. "Mama yako ametulia siku hizi," Mchoraji alisema. Fundi alianza kuimba akishona.

Kulikuwa na harufu, kweli. Harufu ya chokaa mbichi na ya hewa iliyofungiwa miaka. Ilikaa kwenye mashuka ya mama, na fundi alipoyafua ilibaki. Kisha jirani wa chini akamsimamisha ngazini. "Fundi, mnabomoa nini huko juu? Ukitoka tu, kuna mtu anakwangua ukuta mpaka urudi."

Fundi alivuta kitanda cha mama. Nyuma yake ukuta ulikuwa umechimbwa mashimo, mviringo, laini, kama ya vidole kwenye sufuria ya uji. Chini hapakuwa na hata punje ya kifusi. Alisimama akiyatazama, akakumbuka kwamba hajamwona mama yake akitafuna chakula tangu siku ile. Akakirudisha kitanda mahali pake, akaenda kuendelea na kazi.

Siku chache baadaye alikuwa anampima bibi harusi, jua la mchana limejaa dirishani. Mama alikuwa na pindo mapajani.

"Nina kiu," mama alisema.

Fundi akampa maji. Mama akaishika glasi, hakunywa.

"Nina kiu, Tone."

"Si hayo hapo mama, kunywa."

Bibi harusi akacheka. Mama aliendelea kushona kwa mkono mmoja, macho kwenye sindano, na sauti yake ilitoka bapa, haina kupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma ubao wa barabarani. "Kumekuwa giza. Nani amezima? Tone, mmefika? Nawasikia mnacheka huko juu. Nipe fimbo yangu, mwanangu, nitajitahidi."

Midomo yake ilicheza baada ya maneno, si pamoja nayo.

Pini ilizama kidoleni mwa fundi na hakuhisi. Moyo wake ulielewa yote kwa mara moja, jinsi mtu anavyoelewa kwamba ameteleza kabla hajaanguka. Alielewa kwamba aliyekuwa akishona pale pembeni alikuwa akisikia mahali pengine, na kwamba mahali pale kulikuwa na mtu anayeongea bado. Bibi harusi alikuwa akimwangalia. Fundi alitabasamu, akaketi kwenye cherehani, akakanyaga pedali kwa nguvu mpaka mlio wake ukajaza chumba, na akaendelea kukanyaga ingawa chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

Aliendelea hivyo siku zilizofuata. Mama aliposema "Kuna kitu kimekaa karibu nami", fundi aliwasha redio. Aliposema "Ukuta huu unasogea", fundi alikwenda sokoni. Na watembezi walipolirudia jumba lile, kwa kuwa wageni wapya walitaka kuliona, fundi alikwenda nao, amevaa vizuri, akajipanga nyuma ya wote.

Chumba cha chini ya ngazi kilionekana kidogo kuliko zamani. Wageni waliinama kuchungulia, na kutoka ndani ya mawe, mbali kidogo na chini kidogo, kikasikika kikohozi. Kikakatika, kikarudi.

"Njiwa," Mchoraji alisema. "Majumba haya yana njiwa ndani ya kuta."

"Njiwa anakohoa kama bibi yangu!" mtu mmoja alisema, na wote wakacheka, na yule akatoa simu akarekodi, akiwanyamazisha wenzake kwa mkono ili sauti itoke safi.

Fundi alimshika Mchoraji kiwiko. "Twende juu," alimwambia. "Huko kuna upepo."

Aliyeuvunja utulivu huo alikuwa kaka yake. Alikuwa mchomeleaji vyuma upande wa pili wa mji, wenzake wakimwita Cheche, mtu wa kazi nyingi na ziara chache. Aliingia siku ya mapumziko na mfuko wa machungwa, akamkumbatia mama yake, akarudi nyuma kama aliyekumbatia jokofu.

"Shikamoo mama."

Mama alitabasamu.

Cheche alimshika mkono wa kulia, akaugeuza. Kidole cha mwisho cha mama kilivunjika zamani, mlango wa gari ulipombana, na hakikunyooka tena. Cheche alikikunja, akakikunjua. Kilikuwa kimenyooka kama penseli. Akamvuta dada yake jikoni, akafunga mlango.

"Huyu ni nani?"

"Acha wazimu, kaka."

"Nakuuliza kwa upole. Huyu ni nani?"

"Unakuja hapa mara moja kwa msimu, na machungwa yako, leo umemjua mama kuliko mimi ninayemwogesha?"

"Unamwogesha?"

Tangu siku ile fundi hakuwa amemwogesha. Mama hakutaka, na yeye hakuwa amesisitiza.

Upande wa pili wa mlango, karibu sana, kana kwamba mdomo umegusa mbao, sauti bapa ilisema, "Huyo ni mwanangu wa kiume. Namsikia. Mwambieni nipo huku."

Cheche aliishiwa rangi. Alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, mtu mzima na mikono yake yenye makovu ya moto, akamsikiliza dada yake akieleza. Fundi alimweleza habari ya jumba na ya benchi. Ya fimbo hakuisema.

Walimleta mganga siku iliyofuata. Alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye miwani, aliyezalisha nusu ya mtaa wao, na watu walijua kwamba ana elimu nyingine pia. Aliingia, akaweka mkoba chini, akakaa mbele ya kile kilichokuwa kwenye kiti, akakitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekaa vibaya tumboni.

"Jini wa kungojea," alisema. "Hawa si wakali. Wana subira tu, na subira yao ndiyo mbaya. Amebadilishana kiti na mama yenu. Kule ndani hakuna njaa inayoua wala siku zinazohesabika. Anachoka tu, anaona kiu, na hafi." Aligeuka kwa ndugu wawili. "Sikilizeni vizuri. Pumzi wanagawana. Nikimtoa huyu wakati mama yenu bado yumo mle, mama yenu atabaki bila pumzi. Kwa hiyo yule atoke kwanza. Nani alimkalisha pale?"

"Mimi," fundi alisema.

"Basi ni wewe wa kwenda. Utakaa pale pale alipokaa. Mlango utauona unafifia, usijali. Utamsikia anakuja. Usimwite, usimvute, na usiinuke mpaka apite mbele yako na atoke nje kwa miguu yake. Ukiinuka mapema, ukuta utajifunga. Likitokea hilo, rudi mbio uniambie kabla sijamgusa huyu. Kuna njia nyingine, ndefu na ngumu, lakini ipo. Umenielewa? Ukweli wowote utakaouleta, uniletee mimi kwanza."

"Nimeelewa, bibi."

"Mimi na kaka yako tutamshikilia huyu hapa asikufuate kule."

Mchoraji alikuwa na ufunguo wa jumba. Fundi alimwambia anataka kuzitazama nakshi za mlango kwa ajili ya mapambo ya gauni, na Mchoraji akafurahi, akamfungulia, akabaki uani akipima madirisha.

Fundi aliingia chini ya ngazi, akaketi. Jiwe lilikuwa baridi mpaka kwenye mifupa. Kwa muda hapakuwa na kitu, ila sauti ya Mchoraji akipiga mluzi uani na mstari wa jua mlangoni. Kisha mluzi ukaanza kusikika kama unatoka mtaa wa pili. Mstari wa jua ukapungua upana, ukawa kama utepe, ukawa kama uzi.

Halafu akasikia kikohozi.

Kilitoka kushoto kwake, mahali palipokuwa na ukuta na ambapo sasa palikuwa na giza lenye urefu. Baada ya kikohozi, mguu mmoja ukaburutwa. Kituo. Mguu wa pili. Kituo kirefu, na pumzi inayotafutwa kama ufunguo gizani. "Nakuja," sauti ya mama ilisema, si bapa, sauti yake hasa, imekauka. "Nakuja, miguu tu hii." Mguu. Kituo. Fundi aliuma mdomo wake. Aliujua mwendo huo, alikuwa ameungoja kila kona ya kila mtaa, na hata sasa, katika hofu ile, kitu kilichozoea ndani yake kilisema, jamani, haraka basi.

Ukuta wa kulia ukamgusa bega. Haukuja kwa kishindo, ulikuja kama mtu anayesogea kwenye benchi ili mwingine apate nafasi, na ulikuwa na unyevu, na ulipumua harufu ile ya chokaa mbichi usoni mwake, naye akajibana, na dari ikashuka ikazigusa nywele zake, na mguu kule gizani ukaburutwa tena, na kikohozi kikaja kikamkamata bibi yule katikati ya hatua kikamsimamisha, kikaendelea, kikaendelea, huku ule uzi wa jua mlangoni ukizidi kuwa mwembamba, na ukuta ukimkaba sasa pande zote mbili kiasi kwamba hakuweza kujaza kifua, na akahisi kwamba upande wa kulia, pale ulipokuwa ukuta, palikuwa na mtu aliyekaa, amekaa siku zote, na mtu huyo aligeuza kichwa kumtazama, na wakati huo huo kutoka kushoto mkono mkavu ukapapasa hewani, ukagusa goti lake, ukalishika gauni lake jipya kwa vidole vyenye nguvu ya mtoto mchanga, na mama yake akasema kwa furaha, akihema, "Tone! Ni wewe? Nilijua. Ngoja kidogo, mama, nimefika, ngoja nivute pumzi nipite."

Fundi akainuka.

Aliruka, aliupasua ule uzi wa mwanga kwa bega, gauni likachanika, akaangukia uani kwa mikono na magoti, juani. Nyuma yake kukasikika mlio mdogo, kama kifuniko cha sanduku kinachoshushwa kwa adabu.

"Vipi?" Mchoraji alimkimbilia. "Umeumia?"

"Nilimwona panya," fundi alisema.

Alitembea kurudi nyumbani, hakukimbia. Njia nzima aliyapanga maneno. Aliyapanga yale ya kweli kwanza, akayasikia yalivyo, akamwona Cheche akiyasikia. Aliwaona wakimwambia arudi, kwa ile njia ndefu na ngumu, arudi aketi tena karibu na yule aliyegeuza kichwa. Na chini kabisa ya hofu, mahali ambapo hakupenda kupachungulia, palikuwa na sebule iliyotulia, cherehani, Mchoraji na kikombe cha chai, na hakuna mtu anayekohoa.

Walikuwa wanamngoja, mlango wazi, nyumba imejaa moshi wa ubani. Yule kwenye kiti alikuwa amefungwa shuka kifuani. Kiti hakikulia chini yake. Hakuwa na uzito wa kukiliza.

"Enhe?" mkunga aliuliza.

"Nilikaa mpaka mwisho," fundi alisema. "Hakutoka mtu. Hakuna mtu mle, bibi. Nadhani alishakufa siku nyingi."

Mkunga alimwangalia juu ya miwani yake. "Hukusikia kitu?"

"Hakuna."

"Hukuinuka?"

"Nimesema nilikaa!"

Cheche alifunika uso kwa mikono, akalia bila sauti. Mkunga alitikisa kichwa, akalivuta karibu bakuli la maji ya chumvi. "Basi Mungu amrehemu. Na huyu asiendelee kukaa kwenye kiti cha marehemu."

Alimnyunyizia usoni, akaanza maneno yake, chini chini, haraka. Yule kwenye kiti akaanza kutetemeka. Ngozi ya uso wake ikakauka, ikapata nyufa ndogo, kama rangi ya zamani kwenye jua. Tabasamu lilikaa pale pale. Mkunga alipandisha sauti, akapiga sakafu kwa kiganja, na yule akafungua mdomo, na safari hii sauti haikuwa bapa, ilikuwa na machozi.

"Tone, mbona umeinuka? Nilikuwa nimekushika gauni."

Cheche aliinua uso.

"Tone, rudi. Nilikuwa nimeshafika. Mbona hewa..."

Macho ya Cheche yalishuka kwenye gauni la dada yake, kwenye upindo uliochanika na alama nyeupe za vidole juu ya kitambaa. "Bibi, acha!" alipiga kelele. "Simamisha! Yu hai!"

"Haisimamishwi!" mkunga alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona kichwa cha mtoto kikikwama. Alitupa bakuli, akajaribu kumshika yule mabega, akataka kumrudisha, akimwita kwa majina ambayo hawakuyajua. Mikono yake ilipita kama hewani. Nguo zilishuka kwenye kiti zenyewe, polepole, kitenge, blauzi, kilemba juu yake, na ndani yake hapakuwa na kitu ila rundo la chokaa mbichi lililoanza kumwagika sakafuni.

Cheche alikuwa ameshazishuka ngazi za nyumba, anakimbilia jumbani. Fundi alimfuata, hajui kwa nini anamfuata. Alimkuta katika jumba lile na nyundo aliyoichukua kwa mafundi wa barabarani, Mchoraji akimshika shati, akimwambia kuta hizi ni za historia, bwana, haziguswi bila kibali, na Cheche akapiga pigo la kwanza, la pili, mpaka mawe ya upande wa kushoto wa benchi yakaachia.

Mama alikuwa nyuma ya jiwe la kwanza kabisa. Alikuwa amesimama, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuanguka, amevaa nguo za siku ile ya matembezi, mkono mmoja ameunyoosha mbele.

Cheche alimtoa, akamlaza uani, akaweka sikio kifuani mwake. Akakaa hivyo. Kisha akanyanyua kichwa, akamwita dada yake kwa kidole, na fundi alipokataa kusogea alimfuata, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta, akakibandika kiganja chake kwenye shingo ya mama yao.

"Sema," alimwambia. "Ana nini?"

Fundi alijaribu kuuvuta mkono.

"Sema."

"Ana joto," fundi alisema.

Watu wa mtaani walielewa kwa namna yao. Bibi alitoka nyumbani bila kuaga, walisema, wazee huwa hivyo, akarudi kwenye lile jumba alilolipenda, na ukuta mbovu ukamwangukia. Mkunga hakuwasahihisha. Hakuja kwenye mazishi, na tangu siku ile alipokutana na fundi njiani alivuka barabara. Mchoraji alikuja, akampa pole, akasema matembezi yamesimamishwa mpaka jumba likaguliwe, na hakuketi.

Siku ya tatu ya msiba sebule ilijaa wanawake. Mabibi harusi walikuja na mama zao. Jirani wa chini alikaa karibu na fundi, amemshika mkono, akiupigapiga.

"Usijilaumu, dada," alisema kwa sauti iliyosikika chumba kizima. "Sisi ni mashahidi. Wengine wazazi wao wanaoza vyumbani. Lakini wewe! Miezi hii ya mwisho mama alinawiri. Hata ngazi alikuwa akizipanda kama msichana."

"Kweli kabisa," wengine walidakia. "Na kile kikohozi kilimwisha."

"Na alivyotulia!"

"Ulimtunza. Mungu atakulipa."

Upande wa pili wa chumba Cheche alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, akimtazama dada yake. Alikuwa anangoja. Wanawake nao walikuwa wanangoja, nyuso zao zimejaa huruma, jinsi inavyongojwa itikio la pole.

"Amina," fundi alisema. "Asanteni sana. Nilijitahidi."